Bakuli la jirani lirudi tupu, lirudi na kitu, au likae kwanza?

#1 Kawa la Ukili, Mikindani
Wadau, salaam. Naleta hoja, mnipinge.

Jirani kakuletea mihogo ya nazi kwenye bakuli lake saa kumi jioni. Saa kumi na mbili wewe umeshaliosha, umelijaza maandazi, umemtuma mtoto alirudishe. Wengi wataita huo uungwana. Mimi nasema hapo umeharibu. Umemlipa mwenzio. Umemwambia mambo yetu yaishe leo leo, kila mtu abaki na chake.

Kulirudisha tupu nako ni kosa, nadhani hilo hatubishani. Utaratibu ninaoutetea ni huu: bakuli lioshwe usiku ule ule, likae siku mbili mpaka nne, kisha lirudi na kitu kidogo ambacho si sawa na kilicholetwa. Kisizidi, kisilingane. Likipitisha wiki, hiyo sasa ni habari nyingine.

Maswali yangu mawili. Kwa nini iwe hivyo? Na mbali na bakuli, ni vitu gani vidogo vya kila siku vinavyoshika watu namna hii?

#2 Dafu Bichi, Msimbati
Swali la tatu: hotpoti la nani liko kwako sasa hivi, na lina siku ngapi?

#3 Bi Mkeka, Lindi mjini
Mleta uzi, kwenye siku tuko pamoja. Ila hukusema kinachowekwa ndani, na huko ndiko watu wanakokosea.

Kinachofaa ni kitu kibichi au kikavu, mwenzio akitumie kwa wakati wake. Nazi mbili. Embe nne au tano. Kibaba cha choroko au mbaazi. Fungu la kisamvu, ila kama umeshakitwanga kipeleke siku ile ile, maana kibichi kilichotwangwa kikilala hakifai tena.

Chakula cha tui kina masharti yake. Wali wa nazi ukiupakua ungali unatoa mvuke, ukaufungia kwenye hotpoti tangu asubuhi, kwa joto la huku jioni unanuka. Ule mvuke unagonga mfuniko, unarudi chini maji, wali wa juu unalowa na kuchacha. Ama uupeleke muda mfupi baada ya kuepua, wakiwa wanakaribia kula, ama uutandaze kwenye sinia upoe kwanza ndipo uufunike, tena ufike mapema.

Usirudishe kile kile alichokuletea. Kaleta mihogo, nawe unarudisha mihogo: usiku kucha atawaza yake ilikuwa na kasoro gani. Pesa ndani ya bakuli, hapana kabisa. Huna kitu? Weka limau mbili, au chumvi kiganja, mkono usiwe mtupu.

#4 Njugu Mawe, Newala
Chumvi? Ukiipeleka baada ya magharibi wapo watakaokufungia mlango, na bakuli lenyewe wasilipokee.

#5 Bi Mkeka, Lindi mjini
#4 limau nimeitaja kwanza. Soma polepole, njomba.

#6 Mzee wa Kibaraza, Mtwara, Magomeni
Kuhusu kwa nini. Ni deni, na deni hapa si neno baya. Mfaransa Marcel Mauss aliandika mwaka 1925 kwamba zawadi ina wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Anayekataa kupokea ametangaza ugomvi sawa na anayekataa kutoa. Bakuli likikaa kwako, kamba kati ya nyumba mbili bado imefungwa. Likirudi papo hapo limejaa sawasawa, hesabu imekuwa sifuri, na sifuri ni ya dukani. Ukishalipa sukari huna sababu ya kurudi jioni kumuuliza mwenye duka ameshindaje.

Ndiyo maana mleta uzi anasema kisilingane. Kila upande uhisi kidogo kwamba bado anadaiwa.

#7 Msomaji Mkaidi, Masasi
Mzee, shikamoo. Naomba nirekebishe. Mauss alizungumzia zaidi makundi, yaani koo na makabila ya Polinesia, Melanesia na kaskazini-magharibi mwa Amerika. Hakuwa na habari ya mama huyu na mama yule wamegawana ukuta. Halafu huko Amerika kaskazini-magharibi kurudisha kulikuwa kwa kuzidisha, mpaka watu wakawa wanashindana nani atatoa hadi mwenzie ashindwe. Shahidi uliyemleta anampinga mleta uzi anayesema kisizidi.

#8 Mzee wa Kibaraza, Mtwara, Magomeni
Marahaba. La makundi nakubali. La kushindana si tunaliona kwenye kamati za harusi? Kwako walichanga laki, kwao unaona aibu kutoa tisini. Bakuli likianza kufuata njia hiyo, jirani mwenye kidogo anaacha kuleta. Hilo ndilo kosa la kuzidisha: humfurahishi mtu, unamtoa kwenye mchezo.

#9 Nyumba ya Tatu, Kilwa Masoko
Mnakwenda mbali. Mtume (S.A.W.) alimwambia Abu Dharr akipika mchuzi aongeze maji, awaangalie jirani zake. Na katika hadithi nyingine wanawake walikatazwa wasidharau cha jirani hata kama ni kwato ya kondoo. Hakuna deni hapo, ni haki ya jirani. Harufu imeshaingia kwake, mpe.

Angalieni pia kipimo kilichotajwa: maji. Hakuambiwa aongeze nyama. Ukiwaza kwamba lazima upike kitu cha kuonyesha ndipo upeleke, utapeleka Ramadhani tu, mwezi wa futari ukiisha na ujirani umeisha.

#10 Kete Sitini
Wote mnazunguka mbuyu. Bakuli ni kisingizio cha kuonana, basi. Kuna utafiti wa Marekani unasema urafiki unataka saa 200. Huna saa 200 huna rafiki, hata upeleke sufuria zima la pilau.

#11 Msomaji Mkaidi, Masasi
#10 umekata kipande. Utafiti huo ni wa Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, ulitoka 2018. Kutoka kufahamiana mpaka urafiki wa kawaida alipata kama saa 50, mpaka rafiki kamili kama 90, na zaidi ya 200 ni rafiki wa karibu. Aliowapima ni watu wazima waliohamia mahali papya pamoja na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, si wazee waliokulia mtaa mmoja. Na saa za kufanya kazi pamoja hazikuwa na nguvu kama saa za kukaa tu, kucheza na kupiga soga. Kwa hiyo wale wanaosema "tuko ofisi moja miaka mitatu" wasihesabu zote.

#12 Kete Sitini
Ahsante. Basi tuipigie hesabu ya huku. Bao baada ya alasiri, dakika 40 kwa siku. Saa 50 ni jioni 75, yaani miezi miwili na nusu bila kukosa. Saa 200 ni jioni 300. Toa msimu wa korosho ambao hakuna mtu anayekaa kibarazani, toa siku za mvua: ni mwaka mzima na zaidi.

Bao lina faida moja ambayo mazungumzo matupu hayana. Mashimo 32, kete 64, macho yenu yote yako kwenye ubao. Wanaume wawili wasiojua waseme nini wanaweza kukaa saa nzima bila kusema, na asione mtu kwamba wamenuniana. Maneno yanakuja yenyewe kete zikiwa mkononi.

#13 Dafu Bichi, Msimbati
Jina lako Kete Sitini, bao lina kete 64. Nne umezificha wapi?

#14 Njugu Mawe, Newala
Na pale kibarazani anayetazama ndiye anayeongea kuliko wanaocheza. Saa zake zihesabiwe kwa nani?

#15 Fundi Bomba, Tandahimba
Turudi kwenye swali la pili la mleta uzi. Kuazimana vifaa. Kwa wakulima hiyo ndiyo inayojenga watu na ndiyo inayowavunja, kuliko chakula.

Chukueni mashine ya kupulizia salfa, ile ya kubeba mgongoni. Wenye nayo ni wachache, na ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, haungoji mtu, maua yakitoka wote wanaitaka wiki moja. Ukitaka kuazima, nenda jioni ya siku iliyotangulia, usiende alfajiri umeshafunga salfa kwenye baiskeli. Sema idadi ya mikorosho na siku ngapi. "Nina miti arobaini, kesho asubuhi, saa nne nakurudishia" anaweza kukujibu. "Naomba mashine mara moja" hawezi, kwa sababu mara moja ya watu huwa wiki.

Iangalieni pamoja kabla hujaondoka nayo: kamba ya kuwashia, mpira wa kifuniko cha tangi, bomba la kutolea. Kama kuna ufa uonekane wakati huo. Muulize anachanganya oili kiasi gani kwenye petroli, usibahatishe. Injini hizi nyingi hazina oili yake ya pembeni, inalainishwa na ile iliyo ndani ya petroli. Ukitia petroli tupu pistoni inanata, na hapo umenunua mashine ya mtu bila kupenda.

Kurudisha: tangi la salfa limwagwe lote na lifutwe kwa kitambaa kikavu. Ule unga ukibaki ukapata unyevu unaganda, mwenyewe akija kuwasha haitoki kitu, tena unakula chuma. Mafuta yawe pale ulipoyakuta au yazidi kidogo. Hapa kuzidisha si kosa, #8 anisamehe.

Na kama umevunja kitu, sema mwenyewe, kabla mashine haijafika chini kutoka mgongoni. Kuharibu watu wanasamehe. Kukuta ndiyo hawasamehi.

#16 Kawa la Ukili, Mikindani
#15 hili la "kukuta" nimelipenda. Lakini naona linavunja hoja ya deni. Mashine hairudi na zawadi, inarudi safi tu, na bado watu wanashikana.

#17 Mzee wa Kibaraza, Mtwara, Magomeni
Inarudi na haki ya kuazimwa wewe kesho. Deni lipo, ila limehama kutoka kwenye kitu likaingia kwenye mdomo.

#18 Karani wa Mizani, Ruangwa
Kwa kuwa deni limetajwa mara nyingi, tuseme na la pesa. Kukopeshana ni njia ya kila siku pia, na kosa la huku ni moja: tarehe.

Mtu anakopa Februari, mihogo haijakomaa na akiba imekwisha, anasema "nitakulipa mnada wa kwanza wa korosho." Mnada wa kwanza si siku ya kulipwa. Tangu stakabadhi ghalani ilipoanza mwaka 2007 njia ni hii: korosho inapelekwa chama cha msingi, inapimwa, inasafirishwa ghala kuu, inapangwa kwenye mnada, mnunuzi analipa, ndipo pesa inaingia akaunti ya mkulima. Mzigo wako unaweza kukosa mnada wa kwanza kwa sababu ghalani haujatimia, ukaingia wa pili au wa tatu. Wewe huku umeshaitwa mwongo, na hujasema uongo.

Semeni hivi: "Pesa ikisoma kwenye akaunti yangu, kesho yake nakuletea." Na ikichelewa, nenda umwambie kabla hajakuuliza. Hiyo safari moja ina thamani kuliko riba.

Kwa anayekopesha: toa kiasi ambacho kikipotea utaendelea kumwamkia. Na usikubali kulipwa kwa korosho mliyopatana bei tangu ikiwa mtini. Hiyo ni kangomba. Sheria imeikataza, na hata isingekatazwa, rafiki unayempunja kwa sababu ana njaa atakukumbuka akishiba.

#19 Dafu Bichi, Msimbati
Naongezea la mjini: ukimtumia mtu elfu kumi kwa simu tuma na ya kutolea. Ukituma elfu kumi kavu umempa pungufu, halafu unatembea unasema umempa kumi.

#20 Bi Mkeka, Lindi mjini
#19 leo umesema la maana. Tuandike tarehe.

#21 Mwenye Turubai, Mtwara, Chikongola
Msiba haujatajwa. Bakuli na bao ni vya siku nzuri.

Siku ya kwanza kila mtu yupo, hivyo kuwepo kwako hakuonekani sana. Kinachoonekana ni kazi ambayo haina mtu. Nitawatajia zinazokosa watu kila mara: maji (pipa mbili zinaisha kabla ya adhuhuri), kuni za kupasuliwa, mtu wa kwenda kupokea wageni wa mbali stendi, na mtu wa kukaa na simu ya mfiwa kujibu "ndiyo, mazishi saa kumi." Hiyo ya mwisho hakuna anayeifikiria, wakati mfiwa anapigiwa kila dakika na kulia upya kila dakika. Ukienda kuchimba kaburi, nenda na jembe au koleo lako. Pale huwa kuna watu ishirini na vifaa vinne.

Rambirambi mpe mwenye daftari, hakikisha ameandika, usimpe mfiwa mkononi akiwa hajui hata anachoshika.

Baada ya hapo, siku ya nne na kuendelea. Turubai limeshafunguliwa, viti vimerudi, sufuria kubwa zimeoshwa, ndugu wa Dar wamepanda basi. Nyumba inakuwa kimya ghafla. Nenda siku hiyo. Kaa nusu saa. Usiulize amekufaje, ameshaeleza mara mia. Uliza kama maji yapo.

#22 Msomaji Mkaidi, Masasi
Daftari ndilo ushahidi wa Mzee wa Kibaraza. Watu huyatunza miaka. Msiba ukitokea kwako, wanafungua wanaangalia ulitoa ngapi.

#23 Mwenye Turubai, Mtwara, Chikongola
Wapo wanaofanya hivyo. Lakini daftari kazi yake ya kwanza ni mfiwa ajue nani alikuja, kwa sababu siku ile hakuona mtu. Kwenye madaftari mengi utakuta majina yaliyoandikwa mbele yake "maji" au "kuni" au mstari mtupu. Hayo yanalipwaje?

#24 Mzee wa Kibaraza, Mtwara, Magomeni
Kwa maji na kuni.

#25 Mtani wa Kudumu, Nachingwea
Nyote mmekaa kama kamati ya bajeti. Kinachoshika watu wa kusini ni utani! Mmakonde, Mmakua, Myao na Mmwera wakikutana hawahitaji bakuli wala saa 50. Dakika ya kwanza ameshakuita mtumwa wake, umeshamwambia akuvulie kofia, mmeshaanza.

Mtani msibani ndiye anayeruhusiwa kulala njia ya kaburini akisema maiti hapiti mpaka apewe chake. Anamuiga marehemu anavyotembea, na wafiwa wanacheka na machozi yakiwa mashavuni. Hakuna rafiki wa saa 200 atakayethubutu.

Ila kwa wageni: utani una njia yake. Anza na mdogo, ngoja ujibiwe. Usipojibiwa, acha, usiongeze sauti ukidhani hakusikia. Ugumba, maradhi na deni havitaniwi. Mbele ya mkwe wake mtu hataniwi kabisa, hata kama ni mtani wako wa damu. Na mtani akikutania ukanuna, umejivunjia wewe, si yeye.

#26 Njugu Mawe, Newala
#25 umetaja makabila tu. Utani upo wa babu na wajukuu, upo wa mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi, na wa shemeji pia. Huo ndio wa kila siku. Wa makabila unaupata stendi na misibani.

#27 Mtani wa Kudumu, Nachingwea
Mmakonde kanisahihisha. Nitalala njaa leo.

#28 Mgeni wa Shangani
Nimesoma wote, ahsanteni. Swali la mtu aliyehamishiwa Mtwara kikazi, hana mjomba, hana mtani wala mkorosho. Aanzie wapi? Kupeleka chakula kwa watu usiowajua inaonekana kama unajipendekeza.

#29 Nyumba ya Tatu, Kilwa Masoko
Anza kwa kujitambulisha kwa mjumbe wa mtaa, ndani ya wiki ya kwanza, mchana. Halafu salamu. Huku salamu haiishi kwenye "mambo." Mkubwa mpe shikamoo na usimame aitikie, kisha uulize za nyumbani. Ukipita na pikipiki punguza mwendo. Hodi ni mara tatu. Kimya, ondoka, usichungulie dirishani. Rudi jioni.

#30 Msomaji Mkaidi, Masasi
Kwa #28 nina njia inayoonekana kinyume: usipeleke, omba. Benjamin Franklin wa Marekani alipotaka kumlainisha mpinzani wake kwenye baraza alimwomba amwazime kitabu adimu, akakirudisha baada ya wiki moja hivi na barua ya shukrani. Mpinzani akawa rafiki. Mtu aliyekusaidia anaanza kukuona unastahili kusaidiwa, kwa sababu hataki kujiona amefanya jambo la kijinga.

Kiwe kitu kidogo ambacho kila nyumba inacho: ungo, chujio la nazi, mbuzi ya kukunia, kamba ya ndoo. Kirudi siku hiyo hiyo, kisafi. Pesa usiombe, wala jiko la gesi.

#31 Bi Mkeka, Lindi mjini
Na mbuzi ya kukunia irudi na nazi. Tayari umeingia kwenye mzunguko, hujajipendekeza kwa mtu.

Mwanangu wa #28, ukiwa mwanaume unayeishi peke yako, kaazime kwa mzee wa nyumba au umtume mtoto. Usiende kusimama mlangoni kwa mama wa watu saa tano asubuhi.

#32 Mwana wa Rondo
Mimi deni silikubali, na saa 200 silikubali. Mmesahau nyumba za huku zilivyokuwa. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua ukoo wetu unafuata mama. Mjomba ndiye mwenye sauti. Zamani mwanaume alihamia kwa mkewe, kwa hiyo waliobaki wakipakana uani ni mama, binti zake na dada zao. Bakuli lilikuwa linatembea kati ya watu waliotoka tumbo moja. Nani anamhesabia dada yake? Kutohesabu kulianza humo, majirani wasio ndugu wakaja baadaye wakakaribishwa kwenye tabia ile ile. Kwa hiyo ukimrudishia jirani papo hapo hujamlipa. Umemwambia "wewe si dada yangu." Ndipo anaponuna.

#33 Msomaji Mkaidi, Masasi
Maelezo mazuri, yana tobo moja. Sheria ya bakuli lisirudi tupu ipo mpaka Unguja, ambako ukoo haufuati mama.

#34 Mwana wa Rondo
Sheria ya kutorudi tupu ipo kote. Ya kukaa siku nne, nionyeshe Unguja.

#35 Kete Sitini
Linakaa siku nne kwa sababu watu ni wavivu kuosha vyombo. Mmeandika kurasa mbili.

#36 Bi Mkeka, Lindi mjini
Huyu ndiye aliyeficha kete nne.

#37 Fundi Bomba, Tandahimba
Jambo dogo la ufundi ambalo limegombanisha nyumba nyingi kuliko yote hapo juu: alama za vyombo. Wakati wa shughuli sinia na sufuria za nyumba kumi zinaoshwa karo moja, zote zinafanana, zinatoka zimechanganyika.

Rangi ya kucha inapakwa sana chini ya sufuria. Chini ndipo panapolambwa na moto, inaungua mara ya kwanza, alama hakuna. Ipake kwenye kishikio cha mfuniko au upande wa ndani wa mkono wa sufuria. Bora zaidi ni msumari: gonga herufi mbili au vitobo vifupi kwenye ukingo, hazifutiki kwa jivu wala steli waya. Plastiki, chuma kilichopashwa moto kidogo, pembeni, si kitakoni, patatoboka. Mfuniko nao uwe na alama yake peke yake, kwa sababu chombo na mfuniko wake haviondoki pamoja.

Anayeazima kwa ajili ya shughuli aandike kwenye karatasi: nyumba, aina, idadi, mifuniko. Aanze kurudisha kwa aliyeazima vingi.

#38 Mwenye Turubai, Mtwara, Chikongola
Na vijiko. Vijiko havijawahi kurudi kamili tangu dunia iumbwe. Azima sahani, vijiko nunua.

#39 Mgeni wa Shangani
Na simu je? Hakuna aliyegusa WhatsApp.

#40 Karani wa Mizani, Ruangwa
Yale maua ya "asubuhi njema" yanayotumwa kwa watu mia hayahesabiki, aliyetumiwa anajua ni wa mia. Tuma kitu ambacho ni yeye tu angetumiwa: "Mtoto alimaliza dozi?" "Ile mbegu ya ufuta iliota?" Kumbuka alichokuambia mara ya mwisho, ukianzie hapo. Kama hukumbuki kitu, piga. Dakika tatu zinatosha, ila usipige ukiwa na shida kwa mara ya tatu mfululizo.

#41 Nyumba ya Tatu, Kilwa Masoko
Sauti ya dakika nane usitume. Huo ni mkutano wa hadhara.

#42 Dafu Bichi, Msimbati
Mleta uzi amekimbia. Bado tunasubiri jibu la #2.

#43 Kawa la Ukili, Mikindani
Sijakimbia, nipo nasoma. Mpaka sasa nina deni, haki ya jirani, saa, udugu wa tumbo moja, na uvivu wa kuosha. Sijui nimfuate nani, #32 na #6 wote wananivuta.

#42, hotpoti limerudi leo asubuhi. Siku ya nne. Na ming'oko ndani, vile viazi vya porini.

#44 Dafu Bichi, Msimbati
Na mfuniko?

#45 Kawa la Ukili, Mikindani
Mfuniko unatafutwa.